Msitupigie Kelele, Tutazameni Usoni

Nenda asubuhi kwenye hospitali yoyote yenye foleni hapa Unguja, ukae kwenye benchi, utazame namna wagonjwa wanavyoitwa. Mlango unafunguliwa, anatokea mtu na mafaili mkononi, barakoa imempanda hadi chini ya macho. Anatazama karatasi, watu hawatazami. Analitaja jina mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kisha faili linakwenda chini kabisa ya rundo. Mwenye jina amekaa hatua chache tu kutoka hapo. Amefika tangu alfajiri. Ataendelea kukaa mpaka adhuhuri, na atakapoona benchi limebaki tupu akenda kuuliza, atajibiwa kwa ukali: tumekuita mara tatu, ulikuwa wapi?

Alikuwa hapo hapo, mbele ya macho yenu.

Nasema haya kwa hasira na sitaomba radhi kwa hasira hiyo. Katika kisiwa hiki karibu kila shughuli ya watu imejengwa juu ya sauti. Mgonjwa anaitwa kwa sauti, abiria anatangaziwa boti kwa sauti, mwanafunzi anasomewa imla kwa sauti, raia anasomewa shtaka lake kwa sauti, maiti anatangazwa kwa sauti. Anayeshindwa kuisikia ndiye anayetozwa gharama yote. Yeye akodoe macho asome midomo, yeye abahatishe, yeye aombe kurudiwa, yeye aone haya, yeye arudi kesho. Mwenye masikio mazima halipi hata senti. Kusikilizana ni kazi ya watu wawili, nasi tumemwachia mmoja, tena yule asiyeiweza.

Naishi Kizimbani, Magharibi A, huku kwenye mashamba ya viungo ambako wageni huletwa kunusa karafuu na kuonja mdalasini. Sikio langu la kushoto halisikii tena. La kulia linasikia kwa mbali, na linazidi kwenda mbali. Watu wanadhani mwenye masikio mazito amepungukiwa na sauti tu. Sivyo. Sauti inanifikia, maneno ndiyo hayafiki. Zile a na o na u zinakuja nzima nzima. S, f, t na k zinapotea njiani kwa sababu ni nyembamba, hazina nguvu ya kuvuka. Kwangu mimi saa sita na saa tisa ni kitu kimoja, na kwa hilo tu mtu hukosa boti, hukosa dozi, hukosa maziko ya ndugu yake. Ndiyo maana kunipigia kelele hakunisaidii. Kelele inakuza kile ninachokisikia tayari, na inaupotoa mdomo ninaojaribu kuusoma. Mkitaka nikufahamuni, simameni mbele yangu, mwanga uwe usoni penu, semeni pole pole kwa sauti ya kawaida. Ni hilo tu.

Usiku umeme ukikatika, mazungumzo kwangu yamekwisha. Wenzangu barazani wanaendelea gizani kana kwamba hakukutokea kitu, nami nimekaa katikati ya jamaa zangu nikiwa peke yangu. Lakini kuna kinachoniuma kuliko giza. Watu wamecheka, nauliza: kasemaje? Jibu ni lile lile: "Aa, basi, si kitu." Anayejibu hivyo haoni kwamba amenihukumu. Amepima thamani yangu na taabu ya kurudia sentensi moja, akaona taabu ni ghali zaidi. Ukiuliza mara ya pili unakuwa msumbufu. Usipouliza, unaitikia ndiyo bila kujua umekubali nini, na kesho unaitwa mwongo. Mtu akikusalimu kwa nyuma usimjibu, habari inatangulia kufika mtaani kabla yako kwamba siku hizi una kiburi. Katika mji ambao salamu ni nusu ya utu wa mtu, hilo si jambo dogo.

Wala msidhani tunazungumzia watu wa kuhesabika kwa vidole. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, lilisema zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wamepungukiwa na usikivu kwa kiwango kimoja au chengine, na milioni 430 kati yao, zaidi ya asilimia 5 ya walimwengu, wanahitaji huduma. Sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Tukijipimia kwa asilimia 5 ya dunia tu, bila kuongeza umasikini wetu wala maradhi yetu, ni watu wapatao 94,000. Uwanja wa Amaan ujazwe mara tano, bado wengine watabaki nje.

Wako wapi? Wamo majumbani. Uziwi hauna fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu, na pale unapoweza kuonekana tunaufunika. Msichana anavaa mashine ya sikio chini ya mtandio na kuivua siku ya kuja kuposwa. Kijana anaivua mlangoni mwa ofisi anayokwenda kuomba kazi, kisha anaingia kwenye usaili kubahatisha maswali. Babu anaacha kwenda barazani, watoto wake wanasema kazeeka, anapenda utulivu. Hapendi utulivu. Amechoka kuambiwa si kitu.

Tena msitutie sote kapu moja. Aliyezaliwa kiziwi akakua na lugha ya alama ana lugha kamili na watu wake, anachohitaji ni kwamba nasi tuijue lugha hiyo na tumletee mkalimani. Aliyepoteza usikivu ukubwani, kama mimi, bado anaishi ndani ya Kiswahili, anahitaji mashine, maandishi, mwanga na uso. Anayesikia nusu tangu utotoni anahitaji zaidi ya hayo, kwa sababu hata hajui nini kinampita. Mpango unaosema "viziwi wasaidiwe" bila kuwatenganisha hao watatu haujaanza kufikiri.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha usingizi. Sehemu kubwa ya uziwi huu haikuwa lazima iwepo. Shirika hilo hilo linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika. Anayeniambia kadari ya Mungu namjibu: Mungu hakukataza kutazama ndani ya sikio la mtoto.

Chukueni sikio linalotoka usaha. Nani huku mashamba, Kizimbani, Dole, Bumbwisudi, hajamwona mtoto mwenye shavu linalonata na nzi wamelizunguka sikio lake? Mambo yalianza na mafua. Maambukizo yakapanda kwa mrija unaounganisha koo na sikio la kati, usaha ukajaa nyuma ya ngoma ya sikio mpaka ngoma ikatoboka. Usiku ule mtoto alilia mpaka akapoteza sauti. Asubuhi usaha ukatoka, maumivu yakapungua, na hapo ndipo wakubwa wanapojidanganya kuwa kapona. Usaha unaoachwa kutoka wiki baada ya wiki unaila ngoma, unavila vile vifupa vitatu vinavyopeleka sauti ndani, na ukipata njia unafika kwenye ubongo. Tiba yake ya mwanzo haihitaji ndege kwenda India. Sikio likaushwe kwa utambi wa kitambaa safi mara tatu kwa siku, kisha litiwe matone ya antibayotiki kama siprofloksasini kwa wiki mbili, halafu mtoto arudishwe atazamwe tena. Badala yake anatiwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, anatiwa maji ya kitunguu thomu, anatiwa maziwa ya mama, anazibwa kwa pamba inayofungia uchafu ndani, na jirani anasema litaacha lenyewe akikua.

Simlaumu mama. Mama alimbeba mtoto akenda naye kituoni. Akaambiwa ana homa, akapewa dawa ya homa, na hakuna aliyemulika ndani ya sikio. Kifaa cha kumulikia sikio kinaingia mfukoni mwa koti. Mtabibu anayewaona watoto kutwa bila kuwa nacho anabahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake atailipa mtoto maisha yake yote.

Zipo sindano pia. Jentamaisini inaokoa roho za watoto wachanga wenye maambukizo makali, na siipingi hata kidogo. Lakini inaweza kuviua vinyweleo vya sikio la ndani, navyo vikifa havioti tena. Anayeitoa bila kupima dozi kwa uzito wa mtoto, bila kuhesabu siku, bila kumwita mama baadaye aulizwe kama mtoto anashtuka mlango ukigongwa, ameifanya kazi nusu. Manjano ya mtoto mchanga yakipuuzwa mpaka yakazidi nayo huondoka na masikio. Homa ya uti wa mgongo vivyo hivyo.

Na hili si la kukata tamaa, kwa kuwa pale watu walipoamua, masikio yaliokoka. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliwahi kuponywa mapafu kwa sindano za kanamaisini na kutoka hospitali wakiwa viziwi, mpaka mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipoamua vidonge vitangulie na sindano hizo ziwekwe kando. Tanzania ilipoanza mwaka 2014 kutoa chanjo ya surua pamoja na rubela, iliziba mlango mkubwa, kwani rubela ikimpata mjamzito miezi ya mwanzo anaweza kuzaa mtoto kiziwi, mara nyingi na maradhi ya moyo na macho juu yake. Maamuzi hayo yalikatwa mezani na watu wenye kalamu. Kwa hiyo msituambie hakuna linalowezekana.

Kelele nazo. Harusini spika zimepangwa kimo cha mlango, watoto wamesimama mbele yake mpaka usiku wa manane kwa sababu hapo ndipo penye raha. Gari za matangazo zinapita vichochoroni. Mafundi wa mbao na wa kuchomelea wanakata na kugonga kutwa, masikio wazi. Kipimo kinajulikana: kwa desibeli 80 sikio huvumilia saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kwa kumbi za muziki, wastani usiozidi desibeli 100. Nani anapima? Mwenye spika anaondoka na fedha zake, hasara inabaki ndani ya sikio la mtoto wa jirani.

Tuje skuli. Mtoto anayesikia nusu hukalishwa nyuma kwa kuwa ni mrefu, au amechelewa kufika, au hakuna aliyejua. Mwalimu anaandika ubaoni huku anasomesha, mgongo kwa darasa. Ikija imla mtoto anachungulia daftari la jirani, anachapwa kwa kuchungulia. Mwisho wa mwaka ripoti inarudi nyumbani: mzito wa kufahamu, hasikilizi. Baba naye anaongeza zake. Mtoto huyo ameadhibiwa na watu wawili anaowategemea kuliko wote kwa kosa la kuugua sikio, na kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe anaamini kuwa ni mjinga.

Aliyezaliwa kiziwi ana msiba unaoanza mapema zaidi. Zaidi ya tisa kati ya kila watoto viziwi kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Wazazi wengi hao wana ishara za kula, kulala, njoo na toka, basi. Kwa ishara hizo utamweleza vipi mtoto kwa nini bibi yake amevishwa sanda na kuchukuliwa? Utamwambia vipi kwamba mtu akimgusa pale apige kelele na aje kusema? Ubongo wa mtoto una miaka yake ya kupokea lugha, na haujali lugha inaingilia sikioni au machoni, mradi iingie. Mtoto anayezuiliwa alama kwa kungojewa aje aseme kwa mdomo anaweza kukosa mdomo na alama vyote viwili.

Dunia ilikwisha kuifanya dhulma hiyo kwa makusudi. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan, Italia, karibu wote watu wanaosikia, walipitisha kwamba lugha ya alama iondoke madarasani, na kwa karne nzima mikono ya watoto viziwi katika nchi nyingi ikazuiwa kusema. Mkutano wa mlolongo ule ule, uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyajutia maamuzi hayo mwaka 2010. Miaka 130! Skuli ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikafuata 1974, na mpaka leo yupo mzazi hapa kisiwani ambaye hajui alama ya jina la mwanawe mwenyewe. Nani anayeitwa mlemavu katika nyumba hiyo?

Kipo kisiwa Marekani kinaitwa Martha's Vineyard, kidogo sana kuliko Unguja, watu wake walikuwa wavuvi na wakulima. Kuanzia karne ya 17 mpaka katikati ya karne ya 20 uziwi wa kurithi ulienea huko, hasa kijiji cha Chilmark. Haikuundwa kamati. Watu wanaosikia walijifunza alama utotoni, kama walivyojifunza kuogelea. Wavuvi walizungumza kwa mikono, boti kwa boti, ambapo sauti haifiki. Waliokuwa na masikio mazima waliitumia lugha hiyo hata kiziwi asipokuwepo. Mwanaanthropolojia Nora Ellen Groce alipokwenda kuwahoji wazee wa kisiwa, akachapisha kitabu mwaka 1985, alikuta wanawakumbuka marehemu wao kwa uvuvi wao, mashamba yao na tabia zao. Kwamba fulani alikuwa kiziwi ni jambo lililohitaji kufikiriwa kidogo. Kiziwi wa Chilmark alioa, alifuga, alipiga kura, alikopa na kukopesha, na hakuna aliyemwambia si kitu. Wavuvi wetu wa Unguja nao huashiriana boti kwa boti mashine zinaponguruma. Mikono wanayo. Kilichobaki ni kuona kuwa mwenzao anastahili.

Sheria tunazo. Zanzibar ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006, ikaja mpya 2022. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Watazameni majirani lakini. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Afrika Kusini iliipa cheo cha lugha rasmi ya 12 mwaka 2023. Mimi nitaamini nasi tumeamka siku mkalimani wa lugha ya alama atakapokuwa mwajiriwa mwenye meza na mshahara katika kila mahakama na kila hospitali ya wilaya, asiwe mtu wa kupigiwa simu jana yake aje kusimama pembeni ya jukwaa kwa nauli.

Naitaja mahakama kwa sababu. Tuna mahakama maalum za kesi za udhalilishaji, na ni jambo jema mno. Sasa mfikirieni msichana kiziwi aliyebakwa. Hakusoma, hajui alama rasmi, nyumbani wanazungumza naye kwa ishara zao wenyewe. Polisi anaandika maelezo kwa kumuuliza shangazi. Shangazi anaeleza anavyodhani. Mbele ya hakimu, wakili wa mshtakiwa ana swali moja tu: haya ni maneno ya nani? Kesi inaanguka. Na yule mshenzi aliyajua yote hayo tangu mwanzo. Ndiyo maana alimchagua huyo, hakumchagua mwengine.

Nawageukia masheikh zangu, kwa adabu na kwa uchungu. Khutba ya Ijumaa katika Msikiti Mtukufu wa Makka hufasiriwa kwa lugha ya alama. Huku kwetu kiziwi anaweza kusali Ijumaa umri wake wote asifikiwe na khutba hata moja. Anarukuu na wenzake, anasujudu na wenzake, elimu inampita juu ya kichwa. Nanyi mnakijua kisa cha kushuka Sura ya Abasa kuliko ninavyokijua mimi: Ibn Umm Maktum, mtu kipofu, alikuja kutaka elimu wakati Mtume (S.A.W.) ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi, akageuziwa uso, na wahyi ukashuka kwa ajili yake. Ibn Umm Maktum hakuuona uso ule. Kiziwi anauona. Na uso ukimgeukia mbali, maneno nayo yameondoka pamoja nao. Vijana wa vyuoni wafundishwe alama. Msikiti mmoja wa Mjini uanze, mwengine utaona haya.

Najua jibu linalokuja: fedha hazipo. Fedha gani? Kibao chenye namba mlangoni mwa daktari kinahitaji mfadhili? Kumgusa mtu begani kabla ya kusema naye? Kutuma ujumbe badala ya kupiga simu? Kuandika saa ya boti ubaoni, kwa tarakimu kubwa, badala ya kuitangaza kwenye spika inayokwaruza? Mwalimu amalize kuandika, ageuke, ndiyo aseme? Mengi tunayonyimwa hayana bei, na hapo ndipo ninapojua kuwa tatizo halijawahi kuwa fedha.

Panapohitajika fedha kweli, tuzungumze fedha. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto ambao zamani walipelekwa India, na kila Mtanzania ana haki ya kujivunia. Lakini faida ya upasuaji huo iko kwenye kuwahi, na mtoto asiyepimwa hawahiwi. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imejenga hospitali 10 za wilaya. Katika kila moja, mtoto asitoke wodi ya wazazi kabla masikio yake hayajapimwa. Kifaa chake ni kidogo, kinatiwa sikioni mtoto akiwa amelala, kinatoa sauti na kusikiliza mwangwi wa sikio la ndani, na dakika chache baadaye mama ana jibu. Mama aliyejua mapema ana miaka mizima ya kujifunza alama, au kutafuta mashine, au vyote.

Na mashine zenyewe? Duniani, kati ya wanaozihitaji, wanaozitumia ni asilimia 17 tu. Mara nyingi huku kwetu huja na mfadhili: siku ya ugawaji, picha, makofi. Miezi michache baadaye betri imekwisha na duka la karibu haliuzi. Mtoto amekua, kile kipande cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake hakimkai tena, mashine inapiga mluzi, wenzake wanamcheka, inaishia kwenye kabati la vyombo. Mashine bila fundi, bila betri, bila mtu wa kumzoesha mvaaji wiki za mwanzo, imemfaa mpigapicha peke yake. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar upo tangu 2023. Mashine ya sikio, betri zake na matengenezo yake vihesabiwe humo haki ya mwanachama, sawa na dawa ya presha. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, kiitwe mezani wakati orodha inaandikwa. Kisiitwe siku ya uzinduzi.

Tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani, na 23 Septemba ni ya Lugha za Alama. Fulana sizitaki. Nataka waziri mmoja asimame Baraza la Wawakilishi Chukwani na kutaja ni vituo vingapi vya afya Unguja na Pemba vina kifaa cha kumulikia sikio, na lini vilivyobaki vitapata. Wawakilishi wa majimbo ya mashamba, mna nafasi ya maswali. Ulizeni.

Huku Kizimbani mimi sitangoji. Kuanzia mkutano ujao wa shehia nitakaa safu ya mbele, nami nitanyanyua mkono kila mzungumzaji atakapogeuza uso, kila atakapofunika mdomo kwa kipaza sauti, kila atakapotaja tarehe bila kuiandika. Nitasema: sijasikia, rudia. Nitamkatisha mjumbe, nitamkatisha sheha, na akija waziri nitamkatisha waziri. Na kila mwenye masikio mazito aliyechoka kuitikia ndiyo asilolijua, aje akae pembeni yangu, tunyanyue mikono pamoja.